Kwa nini seva hunakili kipindi kimoja mara nne?

Unapobofya kipindi kilichorekodiwa kwenye tovuti ya redio, uwe Kamuli au kwingineko, seva husoma faili kutoka kwenye diski na kuituma kwenye mtandao. Kwa nje ni kazi ndogo. Ndani ya seva, data ileile inaweza kuhamishwa mara nne.

Safari ya data

Programu ya kawaida haigusi diski wala kadi ya mtandao. Huomba kiini cha mfumo endeshi, kwa mfano Linux, kiifanyie kazi hiyo. Kwanza, data hutoka kwenye diski hadi kumbukumbu ya kiini. Pili, hunakiliwa kwenye kumbukumbu ya programu. Tatu, programu ikiagiza itumwe, hunakiliwa tena kwenye kiini. Nne, huenda kwenye kadi ya mtandao. Hatua ya kwanza na ya mwisho hufanywa na vifaa vyenyewe. Mbili za kati ni mzigo wa prosesa.

Ni kama gunia la kahawa lililo kwenye ghala la chama cha msingi. Linabebwa hadi ofisini kwa karani, kisha linarudishwa ghalani kupakiwa kwenye lori, na karani hakulifungua. Ingetosha ataje namba ya gunia na kuagiza lipakiwe.

Agizo la sendfile

Mwaka 1999, Linux toleo la 2.2 lilileta agizo hilo kwa jina la sendfile. Programu hutaja faili na mahali pa kuituma, na data haipiti tena kwake. Kadi ya mtandao ikiweza kukusanya vipande vya data kutoka sehemu mbalimbali za kumbukumbu, prosesa hainakili chochote. Kampuni ya Netflix hutumia njia hii kwenye mfumo wa FreeBSD. Mwaka 2021 wahandisi wake walieleza jinsi seva moja ilivyofikia gigabiti 400 kwa sekunde.

Kikwazo ni usimbaji wa HTTPS, kwa kuwa data lazima isimbwe kabla ya kutumwa. Tangu Linux 4.13 ya mwaka 2017, kiini chenyewe kinaweza kusimba, hivyo sendfile hutumika hata hapo.

Je, redio ndogo inahitaji?

Kipindi cha nusu saa kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni megabaiti 14.4. Wasikilizaji 100 wakikipakua, seva hutuma megabaiti 1,440, na prosesa hunakili megabaiti 2,880. Kompyuta ya kisasa humaliza unakili huo kwa sekunde chache.

Kwa hiyo, kipindi kikikatikakatika, pima kwanza. Prosesa ikiwa imelemewa, washa sendfile. Kwenye nginx ni mstari mmoja tu wa mipangilio. Prosesa ikiwa imetulia na laini ya intaneti imejaa, sendfile haitasaidia, wala seva mpya. Na kwa msikilizaji, bando litakalotumika ni lilelile.