Zahanati ya Kale: Roshani za Mbao Zilizonusurika Mizingani

Msafiri anayeingia Unguja kwa boti huziona roshani za mbao kabla hajakanyaga nchi kavu. Jengo lenye roshani hizo liko Barabara ya Mizingani, karibu na bandari ya Malindi, na hujulikana kwa jina la Zahanati ya Kale, au Zahanati ya Ithnaasheri, ingawa aliyelianzisha alikuwa na azma kubwa kuliko zahanati.

Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887, mwaka wa Jubilei ya miaka 50 ya Malkia Victoria wa Uingereza. Mgharimiaji alikuwa Tharia Topan, tajiri mwenye asili ya Kutch, India, aliyesimamia ushuru wa forodha wakati wa Sultani Barghash. Alikusudia kuwajengea maskini hospitali. Alifariki mwaka 1891 kazi ikiwa haijakwisha, na mjane wake akaiendeleza hadi ilipokamilika mwaka 1894.

Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kama ilivyo desturi ya Mji Mkongwe. Sifa ya jengo hili imo katika useremala wake: nguzo, vizuizi vya roshani na nakshi zinazoning'inia mithili ya pazia, kazi ya mafundi kutoka India, pamoja na vioo vya rangi.

Mwaka 1900 jengo liliuzwa. Ghorofa ya chini ikawa zahanati ya hisani, na juu wakaishi wapangaji. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenyewe waliondoka na Serikali ikalichukua. Uchakavu ulikithiri katika miaka ya 1970 na 1980, wala si ajabu: mbao zilizo kando ya bahari hazisubiri bajeti. Mvua ikipenya paa, boriti huoza, na ukuta uliozitegemea hulegea.

Mwaka 1990 Serikali ilikubaliana na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni kulikarabati. Kazi hiyo ilikamilika katikati ya muongo huo, likafunguliwa kuwa kituo cha utamaduni, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 katika ufukwe huo huo, halikupata bahati hiyo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha.