Samadi katika mashamba ya Unguja

Nguruwe hawakupata nafasi Unguja, kisiwa cha Waislamu. Samadi yake ilitoka kwa ng'ombe, mbuzi na punda. Fiqhi ya Kishafi, inayofuatwa na wakazi wengi, huhesabu kinyesi cha wanyama hao kuwa najisi, ila huruhusu kukitia shambani. Kukiuza ndiko kulikokuwa na mushkeli zaidi, kwa kuwa najisi haiuzwi. Mafakihi waliona njia ya kumlipa mwenye zizi ili aachie haki yake, bila kuita malipo hayo bei.

Karne ya 19 mji na shamba vilitengana. Mjini taka na vinyesi viliishia ufukweni. Mpelelezi David Livingstone alipopita mwaka 1866 alilalamikia uvundo huo, na kipindupindu cha 1869 hadi 1870 kiliua maelfu ya watu. Wakati huohuo mashamba yangeweza kutumia kinyesi cha mifugo kilichokuwa katika uchafu ule.

Magharibi ya kisiwa udongo ni wa kina, ndipo mikarafuu na minazi iliposhamiri. Ng'ombe alifungwa kamba chini ya mnazi, akahamishwa mti hadi mti, na kinyesi kikabaki palepale bila kubebwa. Mashariki, kwenye maweni, udongo ni kiasi tu baina ya mawe. Huko mkulima alitegemea zaidi kufyeka, kuchoma na kuiacha ardhi ipumzike.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iligawiwa kwa eka tatu tatu. Kwenye shamba dogo hivyo, ng'ombe wa maziwa anayelishwa bandani hurahisisha kazi: samadi hukusanyika mahali pamoja, ikaiva, kisha ikapelekwa kwenye migomba na mboga.