Mlimani na Mchezo wa Kuigiza

Chuo kikuu hupimwa kwa mambo mengi. Wengine huhesabu mawakili, madaktari na wahandisi waliotoka humo, na wengine huangalia ukubwa wa majengo. Mimi, kila ninapokifikiria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hupenda kukipima kwa mchezo wa kuigiza. Naona kwamba katika jambo hilo, ambalo wengi hulidharau, chuo hicho kilijaribu kujibu swali zito: msomi wa nchi changa azungumze na nani, na kwa lugha ipi?

Chuo kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Wanafunzi wa kwanza, wote wa sheria, hawakuzidi 14. Mwaka 1964 kilihamia kwenye kilima nje ya mji, na watu wakazoea kukiita Mlimani. Sasa aliye mlimani huwaona vizuri walio bondeni, lakini si lazima asikie wanachosema. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Mwaka huohuo ndipo masomo ya sanaa za maonyesho yalipopata idara yake chuoni. Yaani idara hiyo ilizaliwa wakati ambapo msomi alikuwa akiulizwa waziwazi yuko upande gani.

Kabla ya hapo, neno "tiyeta" lilikuwa la wachache. Wazungu wa mjini walikuwa na jukwaa lao, na shule ziliigiza kwa Kiingereza. Wananchi walikuwa na ngoma zao, hadithi za usiku, jando na unyago, na vichekesho vya mitaani, lakini darasani mambo hayo hayakuhesabiwa kuwa sanaa ya jukwaa. Mwalimu Nyerere alipotoa tafsiri yake ya Juliasi Kaizari mwaka 1963, alionyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mzigo wa Shakespeare. Ikabaki kazi ya kubeba mizigo yetu wenyewe.

Kazi hiyo ilipata watu wake Mlimani. Ebrahim Hussein, aliyesoma na baadaye kufundisha hapo, alitoa Kinjeketile mwaka 1969. Tamthilia hiyo inahusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, lakini haimsifu shujaa kwa sifa za bure. Inamwonyesha mtu ambaye neno lake limemponyoka na kuwa kubwa kuliko yeye mwenyewe. Mwaka uliofuata Hussein mwenyewe akaifasiri kwa Kiingereza. Tafadhali, msomaji, uangalie mpangilio huo: Kiswahili kilitangulia, Kiingereza kikafuata. Kwa chuo kilichokuwa kikifundisha karibu kila kitu kwa Kiingereza, hayo hayakuwa mambo madogo.

Akaja Penina Muhando, ambaye wengi walimjua baadaye kwa jina la Penina Mlama. Baada ya Hatia (1972) aliendelea kuandika hadi Nguzo Mama (1982) na Lina Ubani (1984), akimrudisha jukwaani msimulizi wa hadithi tuliyemzoea kwa bibi zetu. Katika miaka hiyohiyo ya 1980 yeye na wenzake, akiwamo Amandina Lihamba, walikwenda vijijini. Huko Malya, katika Usukuma, mwaka 1982 na 1983, hawakupeleka mchezo ulioandikwa tayari. Waliwauliza wanakijiji shida zao, likajitokeza suala la wasichana wanaopata mimba wakiwa bado wadogo, kisha wanakijiji wenyewe wakaliigiza kwa ngoma zao na kulijadili hadharani. Msomi alishuka kilimani akaketi na kusikiliza. Mwaka 1996 mbegu hiyo ikazaa mpango wa Tuseme, ambao umewapa wasichana wa sekondari nafasi ya kuigiza vikwazo vya masomo yao mbele ya walimu wao.

Hata hivyo liko jambo linalonisumbua. Wengi wetu tulikutana na Kinjeketile kwenye dawati, kalamu mkononi. Tulikariri dhamira, wahusika na mafunzo, tukajibu maswali, tukapata alama, tusione hata mtu mmoja akisimama kuigiza. Sikatai kwamba mtihani umezihifadhi tamthilia hizi. Bila shule, huenda vitabu hivyo visingechapwa tena na tena. Lakini tamthilia isiyoigizwa ni kama ngoma iliyotundikwa ukutani, unaisifu ngozi yake na mlio wake huujui. Tukiridhika na hali hiyo, tutakuwa tumeurudisha mlimani mchezo ulioshushwa kwa taabu.

Dawa yake si ghali. Jioni moja niligawana sehemu za Kinjeketile na vijana kadhaa wa jirani, tukaisoma kwa sauti uani, bila mavazi wala taa za jukwaa. Tulipofika mahali watu wanapobishana juu ya yale maji, kijana mmoja aliacha kitabu akaanza kubishana kwa maneno yake mwenyewe, na wenzake wakamjibu. Ubishi ule ulitupeleka hadi usiku. Shuleni alikuwa ameshafanya mtihani wa kitabu hicho na kufaulu, lakini aliniambia hakuwahi kufikiri kwamba Kinjeketile alikuwa na hofu.

Kwa hiyo, msomaji, kama unayo nakala ya mojawapo ya tamthilia hizo nyumbani, ifute vumbi. Tafuta watu wanne au watano, mgawane sehemu, msome kwa sauti. Waandishi wale walifanya kazi yao, na iliyobaki ni ya kwetu.