Jodari wa Nani? Mkataba wa Mahé wa 1991 na Mzozo wa Mgawo katika Bahari ya Hindi

Imezoeleka kuandikwa kwamba ushirikiano wa mataifa katika kusimamia uvuvi wa jodari wa Bahari ya Hindi ulibuniwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) pamoja na nchi zenye meli kubwa, na kwamba nchi za mwambao zilijiunga baadaye zikiwa na madai mengi na takwimu chache. Dai hilo linaruka hati moja ambayo ni nadra kutajwa, nayo ni mkataba uliokubaliwa Mahé, Shelisheli, Juni 1991, wa kuunda jumuiya ya jodari ya magharibi mwa Bahari ya Hindi. Jumuiya hiyo ilikusudiwa kwa nchi za mwambao na visiwa vya eneo hilo peke yake, na haikupata kuwa na nguvu yoyote ya kutajika; lakini ubishi unaoikwamisha Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi hadi leo ni ule ule ambao waandishi wa mkataba wa Mahé walijaribu kuumaliza mapema.

Yaliyotangulia yanafahamika. Meli za Japani ziliingia Bahari ya Hindi mwaka 1952 zikitumia zulumati, yaani kamba kuu ndefu yenye mamia kwa maelfu ya ndoana, zikafuatwa na za Taiwan na Korea. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikaja meli za Ufaransa na Hispania kutoka Atlantiki, zikiwa na nyavu za kuzungushia zinazofumba fungu zima la samaki kwa mkupuo mmoja, nazo zikafanya bandari ya Victoria, kisiwani Mahé, kuwa makao yao. Mahali pengine uvuvi wa jodari ulikuwa wa kale zaidi: Ibn Battuta, aliyekaa Maldivi katika karne ya 14, alieleza jinsi samaki wa visiwa hivyo alivyokaushwa na kusafirishwa hadi India, China na Yemeni, na Wamaldivi wanaendelea hadi sasa kumvua jodari mmoja mmoja kwa ufito na ndoana. Hilo linatosha kuonyesha kwamba historia ya jodari haikuanza na injini ya dizeli, ingawa takwimu zinazotumiwa katika mabishano ya leo zinaelekea kuanzia hapo.

Mzizi wa mabishano yenyewe umo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982. Kifungu cha 56 kinaipa nchi ya mwambao haki za mamlaka juu ya samaki walio katika ukanda wake wa kiuchumi, ambao ni eneo la bahari lisilozidi maili 200 kutoka pwani. Kifungu cha 64 nacho, kwa kuwa jodari ni samaki mhamaji asiyetambua mipaka hiyo, kinazitaka nchi za mwambao na zile zinazomvua zishirikiane katika kumhifadhi. Nchi zenye meli zimependa kukisoma kifungu cha 64 kana kwamba kinampunguzia mwenye pwani haki ya kifungu cha 56. Usomaji huo hausimami, kwa sababu aya ya pili ya kifungu hicho hicho inasema wazi kwamba wajibu wa kushirikiana ni nyongeza juu ya masharti mengine ya sehemu hiyo ya mkataba, na nyongeza haifuti kile inachoongezwa juu yake.

Wajumbe wa Mahé walikisoma kifungu hicho kama kilivyoandikwa. Mkataba wao ulilenga kupatanisha sera za uvuvi za wanachama, kuratibu uhusiano wao na nchi za mbali zenye meli, kusaidiana katika doria na kuruhusiana kuvua katika maeneo yao. Kwa maneno mengine, wenye pwani wangepatana kwanza wao kwa wao, kisha wakae na wageni. Njia hiyo haikuwa ndoto, kwani nchi za visiwa vya Pasifiki zilizotia saini Mkataba wa Nauru mwaka 1982 zilifuata mantiki iyo hiyo, na baadaye zikafika mahali pa kuuza siku za kuvua kwa kima cha chini cha bei kilichokubaliwa, mapato yao yakapanda mno. Magharibi mwa Bahari ya Hindi hali ilikuwa tofauti: walioridhia mkataba walikuwa wachache, kila serikali ilijadili leseni zake peke yake, na Shelisheli, mwenyeji wa mkutano, ilikuwa tayari na makubaliano yake na Jumuiya ya Ulaya tangu 1984 na kiwanda cha kusindika jodari tangu 1987.

Novemba 1993 Baraza la FAO liliidhinisha makubaliano ya kuanzisha Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yakaanza kutumika Machi 1996, na makao yakawekwa huko huko Victoria. Tume ilipokea wenye pwani na wenye meli kwa pamoja. Taiwan peke yake, ambayo kundi lake la meli ni miongoni mwa makubwa zaidi katika bahari hiyo, ilibaki nje kwa kuwa si mwanachama wa Umoja wa Mataifa, na wajumbe wake huhudhuria kama wataalamu waalikwa. Mara nyingi mwaka huo wa 1993 huelezwa kuwa mwisho wa hoja ya Mahé. Hata hivyo kifungu cha 16 cha makubaliano kinalinda haki za nchi ya mwambao ndani ya maili 200, na kifungu cha 5 kinaitaka Tume izingatie hasa maslahi ya nchi za mwambao zinazoendelea. Hoja hiyo, basi, iliingizwa ndani ya Tume ikiwa imekunjwa.

Ilikunjuliwa mwaka 2011 mjini Nairobi, ilipokutana kwa mara ya kwanza kamati ya kujadili vigezo vya mgawo, yaani kanuni za kugawa kiasi cha samaki ambacho kila nchi itaruhusiwa kuvua. Swali lililoikwamisha kamati hiyo ni rahisi kulieleza. Meli ya Hispania ikivua ndani ya maji ya Shelisheli kwa leseni, tani zile zihesabiwe kuwa historia ya nani? Umoja wa Ulaya umeshikilia kwamba ni za nchi ya bendera, kwa kuwa ndiyo iliyogharimia meli na kutoa takwimu. Nchi za mwambao zimejibu kwamba leseni ni kodi na si mauzo, na jibu hilo lina uzito ambao wapinzani wake hawajaufikia: aliyekodi shamba la minazi huondoka na nazi za msimu wake, haondoki na hati ya shamba. Hoja ya gharama, ikifuatwa hadi mwisho wake, ingempa haki kubwa zaidi yule aliyevua kwa wingi zaidi katika miaka ile ile ambayo samaki walikuwa wakipungua.

Na walikuwa wakipungua, kwa tathmini za wakati huo. Mwaka 2015 kamati ya kisayansi ya Tume ilitangaza kwamba jodari wa mapezi ya njano amevuliwa kupita kiasi, na mwaka uliofuata Tume ikazitaka nchi zenye mavuno makubwa ya nyavu za kuzungushia ziyapunguze kwa asilimia 15 ya kiwango cha 2014. Mwaka huo huo Maldivi ilifanikisha azimio la kumwekea sehewa, jodari mdogo mwenye mistari tumboni, kikomo kinachokokotolewa kwa kanuni iliyokubaliwa kabla. Kikomo cha kwanza, tani 470,029 kwa mwaka, kikapitwa mapema, kwa sababu kikomo kisicho na mgawo hakimfungi yeyote. Ni kweli kwamba nyavu za kutega za Iran, Pakistani na nchi nyingine za mwambao nazo huvua jodari wengi na kutoa taarifa hafifu, na kwamba baadhi ya wenye pwani walipinga masharti ya kupunguza mavuno. Kasoro hizo zinahitaji kurekebishwa, lakini hazijibu swali la nani mwenye samaki.

Kwa wasomaji wa Tanzania, swali hilo lilipata sura Machi 2009, meli ya Tawariq 1 ilipokamatwa katika doria ya pamoja na nchi jirani ikiwa na karibu tani 300 za samaki, ambao mitaani waliitwa samaki wa Magufuli, kwa jina la waziri wa uvuvi wa wakati huo. Kwa mwambao mzima lilirudi Februari 2023, katika kikao maalumu cha Tume kilichofanyika Mombasa. Huko nchi za mwambao zikiongozwa na Indonesia zilipitisha kwa kura azimio la kusimamisha kwa siku 72 kila mwaka matumizi ya vyelezo vinavyoachwa kuelea baharini, ambavyo huwakusanya sehewa pamoja na makinda ya jodari wa mapezi ya njano na wa macho makubwa, wote wakazolewa kwa wavu mmoja.

Azimio hupita kwa theluthi mbili za kura, lakini mwanachama anayewasilisha pingamizi ndani ya siku 120 hafungwi nalo, na pingamizi zikizidi theluthi ya wanachama wote, waliobaki nao huwa huru. Umoja wa Ulaya ulipinga. Ikapinga pia Shelisheli, ambayo kiwanda na bandari yake vinategemea meli hizo hizo, na baadhi ya nchi nyingine za mwambao zikafuata, mpaka theluthi ile ikapitwa na azimio la Mombasa likakosa nguvu. Vivyo hivyo, ufa uliouangusha mkataba wa Mahé haukuwa kati ya Ulaya na Afrika tu. Ulipita katikati ya wenye pwani wenyewe, na ulianzia katika bandari ile ile mkataba ulipokubaliwa. Kamati ya mgawo imeendelea kukutana tangu Nairobi, na katika daftari za Tume tani zinazovuliwa ndani ya maili 200 za nchi yoyote zinaendelea kuandikwa chini ya jina la bendera ya meli iliyozivua.