Mtu Anayekosekana Shuleni

Wasee, kila bweni likiungua Kenya hii, maswali huwa mawili tu. Nani aliwasha? Na kiboko kitarudi lini? Kwa redio, kwa matatu, kwa grupu za WhatsApp za wazazi, ni hayo tu. Leo nataka kuuliza la tatu: kabla ya ule usiku, mwanafunzi mwenye shida angeongea na nani? Simaanishi beste wake wa kitanda cha juu. Namaanisha mtu mzima aliyesomea kusikiliza, anayelipwa kusikiliza, na ambaye hana fimbo.

Huyo mtu yupo duniani, na kazi yake ina jina. Ni mhudumu wa kijamii wa shule. Yule ambaye amesomea pia kutibu mambo ya akili kwa mazungumzo huitwa mhudumu wa kijamii wa kliniki. Wengi wetu tuliopitia shule za gava hatujawahi kumuona. Sasa acha niwaambie ametoka wapi, kwa sababu kuna tawi la hadithi hii linapita hapa hapa Kabete.

Tuanze New York, 1906. Mji umejaa wahamiaji, familia zinabanana kwa chumba kimoja, watoto wengine wanafanya kazi badala ya kusoma. Sheria inasema mtoto aende shule, lakini asipofika, mwalimu hajui kwa nini. Mitaani kulikuwa na nyumba za kijamii, ambapo watu waliosoma walihamia kuishi karibu na maskini na kufanya kazi nao. Mbili kati ya hizo, Hartley House na Greenwich House, zikatoa watu wa kutoka shuleni hadi nyumbani kwa mtoto na kurudi na picha kamili. Wakaitwa walimu watembezi. Boston na Hartford wakaanza kitu kama hicho karibu wakati ule ule. Kisha mwaka wa 1913 bodi ya elimu ya Rochester ikaanza kuwaajiri yenyewe. Hapo ndipo ilikoma kuwa sadaka ya watu wazuri, ikawa kazi ya shule.

Wazo lao lilikuwa rahisi sana: mtoto haji darasani peke yake. Anakuja na njaa ya nyumbani, ugomvi wa nyumbani, ugonjwa wa nyumbani. Ukimpiga kwa kuchelewa bila kujua analea wadogo wake, umepiga tu, hujarekebisha kitu.

Mwaka wa 1917 Mary Richmond akachapisha kitabu, Social Diagnosis, kilichofundisha namna ya kuchunguza shida ya mtu hatua kwa hatua, kama daktari anavyochunguza ugonjwa. Miaka ya 1920 mfuko wa Commonwealth Fund ukalipia walimu watembezi katika sehemu mbalimbali za Marekani, lengo likiwa kuzuia watoto wasiingie kwa uhalifu. Elimu ya afya ya akili ikaingia kwa kazi yao, na polepole ile sehemu ya kliniki ikakua. Leo chama cha wahudumu wa kijamii cha huko kinapendekeza mhudumu mmoja kwa wanafunzi 250. Shule nyingi hata kwao hazijafika hapo, kwa hivyo msidhani nauza ndoto ya majuu.

Sasa Kabete. Miaka hiyo hiyo, kusini mwa Marekani, watoto weusi walikuwa wametengwa kwa shule duni. Mwaka wa 1907 mama mmoja wa Philadelphia, Anna T. Jeanes, akatoa dola milioni 1 kwa shule za weusi vijijini. Mwaka uliofuata Virginia Randolph, mwalimu mweusi wa kaunti ya Henrico, Virginia, akawa mwalimu wa kwanza wa Jeanes. Alizunguka shule baada ya shule, akisaidia walimu na kushughulika na maisha ya jamii iliyozunguka shule. Mwaka wa 1924 tume ya Phelps-Stokes ikazuru Afrika Mashariki, na 1925 Jeanes School ikafunguliwa Kabete. Walimu Waafrika walifunzwa kuzungukia shule za vijijini na kufanya kazi na familia kuhusu usafi, afya na kilimo. Wake zao pia walifunzwa.

Tusijidanganye, huo ulikuwa mpango wa mkoloni. Wengi waliuona kama elimu ya kumweka Mwafrika shambani, na waliotaka elimu kamili walianza kujenga shule zao huru. Lakini ndani yake kulikuwa na wazo moja ambalo lingefaa kubaki: kwamba kuna mtu ambaye kazi yake ni njia kati ya shule na nyumbani. Halikubaki. Mwaka wa 1961 pale pale pakageuzwa chuo cha utawala, na leo ni Kenya School of Government. Mahali palipofunza walimu wa kutembelea vijiji pakaanza kufunza maDO. Hiyo inakuambia mengi kuhusu kile tulichoona ni muhimu.

Baada ya uhuru, wizara ya elimu ilianzisha kitengo cha ushauri nasaha mwaka wa 1971, na ripoti ya Gachathi ya 1976 ikasisitiza huduma hiyo. Poa. Lakini kazi yenyewe akapewa nani? Mwalimu. Yule yule wa Kemia ama wa CRE, akaongezewa kofia.

Kisha zikaja zile siku ambazo wazazi wetu wanazikumbuka. St. Kizito, Meru, 1991: wasichana 19 walikufa baada ya wavulana wa shule hiyo kuvamia bweni lao. Nyeri, 1999: viranja wanne walichomwa wakiwa wamelala. Kyanguli, Machakos, Machi 2001: wavulana 67. Mwaka huo huo wa 2001 serikali ikapiga marufuku kiboko, na katiba ya 2010 ikaweka wazi kwamba hakuna mtu wa kuadhibiwa kikatili. Mimi naunga mkono marufuku hiyo mia kwa mia. Shida ni kwamba tuliondoa fimbo na hatukuweka mtu.

Shule niliyosomea, mwalimu wa ushauri alikuwa pia kwa kamati ya nidhamu. Jumanne unamwambia kwenu kuna shida, Alhamisi amekaa kando ya deputi mkijadiliwa. Tulijifunza haraka: nyamaza. Na simlaumu yeye. Mwalimu wa sekondari mwenye vipindi 27 kwa wiki, na vitabu vya kusahihisha, atakusikiliza saa ngapi?

Mhudumu wa kijamii angefanya nini tofauti? Chukua msichana wa kidato cha pili anayekosa kila Jumatatu. Mwalimu anaona utoro. Mhudumu anamuita, anaongea naye faraghani, zaidi ya mara moja. Anaenda kwao. Akikuta mama ni mgonjwa, anamuunganisha na hospitali na basari. Akikuta anadhulumiwa, anamhusisha afisa wa watoto siku hiyo hiyo, kwa sababu hiyo si siri ya kuweka. Akikuta ni huzuni iliyozidi, anaanza tiba naye, au anampeleka kwa daktari wa akili. Na hakai kwa kamati ya nidhamu kamwe.

Wengine watasema hayo ni mambo ya wazungu, sisi tulikuwa na shangazi na nyanya. Kweli kabisa, tulikuwa nao. Halafu tukawatoa watoto kwa shangazi, tukawapeleka bodingi miezi mitatu mfululizo, na huko hatukuweka shangazi yeyote.

Sisemi mhudumu mmoja angezima moto wa Kyanguli. Pale kulikuwa pia na mlango uliofungwa, madirisha yenye vyuma na bweni lililojaa kupita kiasi. Na pesa? Sawa, hatuwezi kuajiri mmoja kila shule kesho. Lakini wale wa 1906 hawakukaa shule moja, walizunguka. Wadi moja, mhudumu mmoja, shule chache, mshahara wa serikali. Tuanzie hapo.

Mkutano wa wazazi wa muhula ujao, kabla mtu hajasimama kuomba kiboko kirudi, mwambie mzazi wako aulize swali moja tu: hapa, mtoto wangu akiwa na shida, anaongea na nani? Wakitaja jina la mtu aliye kwa kamati ya nidhamu, jibu bado ni hakuna.