Mdaiwa Aliyetoweka: Pensheni za Wafanyakazi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na Suala la Madeni ya Waajiri wa Umma, 1977–2021

Utangulizi

Historia ya hifadhi ya jamii nchini Tanzania huelezwa mara nyingi kwa kufuata sheria na mifuko iliyoundwa nazo. Mkabala huo huacha pembeni swali la msingi: mwajiri wa umma asipotoa fedha za uzeeni za watumishi wake, nani mwenye uwezo wa kumdai? Insha hii inalijadili swali hilo kupitia wafanyakazi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali, iliyokuwa na makao makuu yake Arusha, chini ya Mlima Meru. Hoja yake ni kwamba kuchelewa kwa haki zao kulitokana zaidi na uwezo mdogo wa mdai mbele ya dola kuliko na upungufu wa sheria.

Mali zenye warithi, madeni yasiyo na mwenyewe

Mkataba wa Jumuiya ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 na kuanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo. Watumishi waliajiriwa katika sekretarieti ya Arusha na katika mashirika ya reli, bandari, posta na simu, na ndege. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, mali zilipata warithi upesi. Jengo la makao makuu, lenye mabawa matatu ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, lilikuwa chini ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978. Pensheni hazikupata mrithi wa namna hiyo. Mtumishi alibaki na haki dhidi ya mwajiri asiyekuwepo tena.

Baada ya usuluhishi wa miaka kadhaa ulioongozwa na mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, makubaliano ya mgawanyo yalitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984. Kenya ilipewa asilimia 42 ya mali, Tanzania 32 na Uganda 26. Kuhusu pensheni, kila nchi ilibeba wajibu wa kuwalipa raia wake haki walizojipatia hadi tarehe 30 Juni 1977. Hivyo deni lilipata jina la mdaiwa. Hata hivyo, waliotia saini walikuwa serikali. Wafanyakazi hawakuwa upande wowote wa makubaliano hayo. Aliyepaswa kulipa ndiye pia aliyeamua alipe lini.

Kutoka usuluhishi hadi mahakamani

Nchini Tanzania, wastaafu walifungua shauri Mahakama Kuu mwaka 2003. Mwezi Septemba 2005 ilifikiwa hati ya makubaliano iliyohusu wadai zaidi ya 31,000 na takriban shilingi bilioni 117. Mtumishi aliyekuwa na umri wa miaka 50 Jumuiya ilipovunjika alikuwa na miaka 78 hati hiyo ilipofikiwa. Kwa wengi waliopokea walikuwa wasimamizi wa mirathi. Baadhi walirudi mahakamani wakidai kwamba malipo hayakukamilika.

Wakenya zaidi ya 700 walipeleka madai yao mwaka 2010 katika Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha kwenyewe. Kitengo cha rufaa kiliamua mwaka 2012 kwamba Mkataba wa mwaka 1999 haurudi nyuma kugusa mambo yaliyotangulia kuanza kwake. Jumuiya mpya ilirithi jina na mji, lakini haikurithi deni.

Mwajiri aliye hai

Inaweza kudaiwa kwamba hali hii ilikuwa ya pekee, kwa kuwa mwajiri alikuwa amekufa. Deni la kabla ya 1999 linapinga dai hilo. Hadi Julai 1999 watumishi wa serikali hawakuchangia pensheni. Hazina ndiyo iliyolipa. Mfuko wa PSPF ulipoanza, uliwalipa wastaafu hata kwa miaka isiyochangiwa, ukitarajia kurejeshewa fedha hizo. Marejesho yalisuasua, na deni likahamia PSSSF mifuko ilipounganishwa mwaka 2018. Desemba 2021 Serikali ilitoa hati fungani maalumu, isiyo ya fedha taslimu, yenye thamani ya takriban shilingi trilioni 2.17. Hapa mwajiri alikuwepo muda wote, na bado deni lilidumu zaidi ya miaka 20.

Hitimisho

Matukio haya mawili yanaonesha kwamba mwajiri wa umma hadaiwi kama mwajiri binafsi. Mfuko unaweza kumshtaki mwenye kiwanda. Unapoidai Serikali, unamdai mwenye Hazina na mtunga sera kwa pamoja. Ndiyo maana madeni yote mawili yalimalizwa, kwa kiasi yalivyomalizwa, kwa majadiliano. Majadiliano huchukua muda, na muda ndicho kitu ambacho mstaafu hana. Sheria ya sasa inataka mwajiri achangie asilimia 15 ya mshahara na mtumishi asilimia 5. Mchango usiokusanywa mwezi unaohusika huanza safari ileile waliyoipita wazee wa Jumuiya.