Mwanaanga: jina lisilo na kambi

Tarehe 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin aliizunguka dunia mara moja, akatua salama baada ya dakika 108, na Warusi wakamwita kosmonauti. Wiki tatu baadaye Alan Shepard alirushwa kutoka Florida, na Wamarekani wakamwita astronauti. Kazi ni ile ile na hatari ni ile ile. Hata mwisho wa majina hayo ni mmoja, yaani neno la Kigiriki lenye maana ya baharia. Yanatofautiana mwanzoni tu: huyu ni baharia wa ulimwengu, yule ni baharia wa nyota. Lakini tofauti hiyo ilitosha kumjulisha msomaji wa gazeti, kabla hajamaliza sentensi, kwamba anayesifiwa ni wa Moscow au wa Washington. China ilipompeleka Yang Liwei angani mwaka 2003, vyombo vya habari vya Magharibi vilimwita kwa jina la tatu, taikonauti, ingawa Wachina wana lao. Kila dola iliyofika huko juu imepewa baharia wake.

Kiswahili kina mwanaanga, basi. Wingi wake ni wanaanga, na hakiulizi ni wa nani.

Neno limejengwa kwa mwana, kama tulivyojenga mwanamaji, mwanasheria, mwanachama na mwananchi. Mwana wa namna hii si mtoto wa mtu. Ni mtu wa mahali fulani, wa kazi fulani au wa kundi fulani. Angalia pia kwamba mwanamaji tulikuwa naye zamani, kwa hiyo lugha yetu imempeleka baharia angani bila kukopa silabi hata moja ya Kigiriki.

Kwa mwalimu wa Bashay, huko Mbulu mkoani Manyara, maelezo hayo hayatoshi. Wanafunzi wengi wa huko wanaongea Kiiraqw nyumbani, lugha ya Kikushi isiyo na undugu na Kibantu. Majirani zao Wadatooga wanaongea lugha ya Kiniloti, na ukiteremka hadi bonde la Eyasi unawakuta Wahadzabe, ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na ndugu yeyote. Mtoto aliyejifunza kwanza kwamba mwana ni mtoto, akakutana na mwanaanga ubaoni, ana haki ya kudhani ni mtoto wa mbinguni. Na juu kwa wazee wake hapakuwa patupu. Katika imani ya asili ya Wairaqw, Lo'a ni jua na ni mungu, tena wa kike. Ndiyo maana nashauri mwalimu aanzie kwa mwananchi na mwanakijiji, maneno ambayo mtoto huyo ameyasikia kwenye kila mkutano wa hadhara, ndipo apande naye kwenda kwa mwanaanga.

Upande wa pili wa neno una tatizo kubwa zaidi. Anga yetu imebebeshwa mengi mno. Usafiri wa anga ni ndege, jeshi la anga ni ndege za kivita, utabiri wa hali ya hewa nao unazungumzia anga, na Mwezi pia uko angani. Rubani wa ndege ya abiria anafanya kazi angani kila siku na hakuna anayemwita mwanaanga, jambo linaloonyesha kwamba matumizi yamekwisha kulichonga neno lenyewe. Panapohitajika usahihi, anga za juu inatosha. Kinachonikera ni kumchanganya mwanaanga na mnajimu, au mnajimu na mwanafalaki. Mwanaanga anasafiri, mwanafalaki anachunguza nyota kisayansi, mnajimu anazipigia ramli.

Je, jina lisilo na kambi linatuficha ugomvi uliokuwapo? Linaweza, na hapo ndipo historia inapotakiwa kufundishwa pamoja na istilahi, maana ugomvi huo ulifika kwetu. Oktoba 1960 Uingereza na Marekani zilitia saini mkataba wa kujenga Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mradi wa Marekani wa kupeleka watu angani, nacho kikawekwa Tunguu. Mmarekani John Glenn alipozunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, Zanzibar ilikuwa katika mlolongo wa vituo vilivyomfuatilia. Wamarekani walisema ni sayansi. Wanasiasa wa Zanzibar waliokipinga walisema ni kambi ya kijeshi iliyovikwa kanzu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ilitaka kiondoke, na Aprili mwaka huo kilikuwa kinafungwa. Wakati huo Zanzibar ilikuwa imekwisha kuitambua Ujerumani Mashariki, ya kambi ya Moscow. Mtu wa Tunguu hakuhitaji kamusi kujua kwamba chombo kinachopita juu kina itikadi.

Hapa niseme neno moja kuhusu dola, niliyoitaja mwanzoni, na himaya, kwa sababu waandishi wa hadithi za sayansi wanazitumia bila kuchagua wanapoeleza falme zinazogombea nyota. Asili ya himaya ni ulinzi. Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, na kwa msomaji anayeijua historia hiyo neno linamaanisha nchi iliyolindwa hadi ikapoteza kauli. Ukitaka kutaja mamlaka yenye jeshi na mipaka, andika dola.

Narudi kwa mwananchi, ndugu wa mwanaanga, kwa kuwa Hanang, iliyo Manyara pia, ina kesi inayoonyesha uzito wa kuwa mwana wa mahali. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali yetu ya ujamaa, kwa msaada wa Kanada, nchi ya kambi ya Magharibi, ilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu chini ya shirika la umma la kilimo, NAFCO. Itikadi mbili zilizokuwa hazielewani huko duniani zilielewana hapo bila shida: ardhi ile ilionekana haina kazi. Kwa Wabarbaig wa Datooga ilikuwa malisho, na ilikuwa na bung'eda, makaburi ya wazee wao yaliyoinuliwa kwa udongo. Mengine yalilimwa na matrekta. Zaidi ya ekari 100,000 zilichukuliwa. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani na kushinda katika Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua ushindi huo. Mojawapo ya hoja zake ni kwamba wanakijiji walipaswa kwanza kuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria. Wanakijiji, walioitwa wananchi katika kila hotuba, walidaiwa ushahidi wa uenyeji wao. Sijui namna bora ya kumweleza mwanafunzi wa Manyara kwamba utambulisho wa watu unaweza kuamuliwa na neno moja katika hukumu.

Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unakataza taifa lolote kujimilikisha anga hizo, na unamtaja msafiri wa huko kuwa mjumbe wa wanadamu wote. Maandishi yake ya Kiingereza yanasema astronauti, ya Kirusi yanasema kosmonauti, na yote mawili yana nguvu sawa kisheria. Julai 1975 Apollo ya Marekani na Soyuz ya Kisovieti zilipoungana angani, mafundi walikuwa wametengeneza pete za kuunganishia zisizo na dume wala jike, ili chombo chochote kiweze kuwa upande wowote, na wasafiri wakakubaliana kila mmoja aongee lugha ya mwenzake. Ilibidi wahandisi wahangaike miaka kadhaa kupata usawa huo kwa chuma; Kiswahili kinao tayari katika neno moja.

Kwa hiyo vitabu vya shule viandike mwanaanga kila mahali: Gagarin mwanaanga wa Kisovieti, Glenn mwanaanga wa Kimarekani, Yang Liwei mwanaanga wa Kichina. Kosmonauti na astronauti yatajwe mara moja, katika somo la Vita Baridi, pamoja na Tunguu.